Muhuri, kitako, rangi au maabara: kipi kikuambie umri wa bakuli la kale?

Mtu akikuwekea mkononi bakuli jeupe lenye maua ya buluu na kukuambia ni la enzi ya Ming, nasaba iliyotawala China hadi 1644, una njia nne za kumpima. Unaweza kusoma muhuri ulioandikwa chini yake. Unaweza kukagua kitako, ile pete ambayo chombo hukalia na ambayo kwa kawaida haipakwi kitu. Unaweza kuangalia rangi na mchoro. Ukiwa na pesa, unaweza kulipeleka maabara. Wauzaji huanza na muhuri kwa kuwa ndio wenye hadithi tamu. Mimi huanza na kitako, na muhuri nauacha uwe wa mwisho kusema.

Suala hili lina mizizi kwetu pwani. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui yalipambwa kwa mabakuli ya China yaliyopachikwa kwenye chokaa. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948, vigae vya kauri ya China ndivyo vilivyomsaidia kupanga umri wa msikiti na majumba. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka ukutani zilizojengwa makusudi ili sahani zionekane. Basi si ajabu familia nyingi bado zina sahani ya bibi kabatini, na si ajabu kila sahani hiyo hupewa asili ya China, hata kama ilitoka Uholanzi. Hilo la Uholanzi nitalirudia, maana ndilo linalowagharimu watu zaidi.

Muhuri

Muhuri wa kifalme wa China kwa kawaida una herufi sita katika safu mbili. Zinasomwa kutoka juu kwenda chini, kuanzia safu ya kulia. Mbili za kwanza hutaja nasaba, Ming Kuu au Qing Kuu; mbili zinazofuata hutaja enzi ya mfalme; mbili za mwisho husema chombo kimetengenezwa katika miaka yake. Kwa hiyo ukisoma Xuande unafikiria 1426 hadi 1435, Chenghua 1465 hadi 1487, Kangxi 1662 hadi 1722, Qianlong 1736 hadi 1795. Ingekuwa rahisi hivyo, makala haya yangeishia hapa.

Tatizo ni kwamba wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kauri katika jimbo la Jiangxi, waliandika majina ya wafalme waliokwisha kufa karne nyingi bila kuona haya. Mara nyingine ilikuwa ulaghai, lakini mara nyingi ilikuwa heshima kwa kazi ya wazee wao. Katika enzi ya Kangxi, muhuri wa Chenghua uliandikwa kwa wingi kwenye vyombo vipya kabisa. Mwaka 1677 afisa wa mji huo alipiga marufuku kuandika jina la mfalme kwenye kauri, kwa hofu kwamba chombo kikivunjika jina hilo litatupwa jalalani. Ndiyo sababu vyombo vingi vizuri vya Kangxi vina duara mbili za buluu zisizo na kitu ndani, au jani, au muhuri wa mfalme wa zamani. Kisha mambo yakageuka: mwishoni mwa karne ya 19, chini ya mfalme Guangxu, muhuri wa Kangxi wa herufi nne ukajaa kwenye makopo ya tangawizi yenye maua meupe ya plamu juu ya buluu. Makopo hayo yapo sokoni hadi leo, na kila muuzaji atakuonyesha zile herufi nne. Wajapani nao waliandika mihuri ya Chenghua kwenye sahani zao za Arita, mji wa kauri wa Japani.

Kwa hiyo muhuri wa mfalme unakupa sakafu tu. Bakuli lenye jina la Xuande haliwezi kuwa la kabla ya 1426. Linaweza kuwa la mwaka jana.

Kuna aina moja ya muhuri ninayoiamini kuliko zote, nayo ndiyo isiyo na mvuto wowote: jina la nchi kwa herufi za Kilatini. Sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia Marekani zitaje nchi zilikotoka, kuanzia 1891. Chombo kilichoandikwa CHINA, basi, kwa kawaida ni cha baada ya mwaka huo, na MADE IN CHINA huwa kipya zaidi. NIPPON ilitumika hadi 1921, ndipo Wamarekani wakataka iandikwe JAPAN. OCCUPIED JAPAN ni ya miaka ya ukaliaji wa Marekani na washirika wake baada ya vita, ulioisha 1952. Ila usigeuze hoja hii kichwa chini: kukosekana kwa jina la nchi si ushahidi wa ukale. Bidhaa iliyopelekwa Unguja au Jakarta haikubanwa na sheria ya Marekani, na mingine ya mihuri hiyo ilikuwa karatasi tu ya kubandika, ambayo hutoka kwa maji.

Kitako

Geuza chombo. Mchoro unaweza kuigwa na mtu mwenye mkono mzuri, lakini kitako ni mahali ambapo mfinyanzi alifanya kazi kwa mazoea, haraka, bila kufikiria mnunuzi. Pale udongo umebaki uchi. Unaona rangi yake baada ya moto, unaona kisu kilivyopita, unaona kilichoshika chombo ndani ya tanuri. Na mfinyanzi wa Longquan, wa Zhangzhou na wa Arita hawakufanya mambo hayo kwa namna moja.

Chukua vyombo vya kijani vya Longquan, kutoka jimbo la Zhejiang, ambavyo vigae vyake vimejaa kwenye magofu ya pwani yetu. Udongo wake ni wa kijivu, mzito. Mahali ambapo glezi, yaani ule utando wa kioo unaofunika chombo, haikufika, udongo umeungua ukawa na rangi ya chungwa hadi nyekundu, kwa sababu chuma kilichomo hushika hewa chombo kinapopoa. Kwenye sahani kubwa utakuta duara pana la wekundu huo upande wa chini, pale sahani ilipokalia kishikio chake tanurini. Waigaji wa sasa hupaka wekundu huo kwa brashi. Uliopakwa una mpaka mkali na umekaa juu ya udongo. Ule wa moto hufifia polepole kuelekea glezi na umo ndani ya udongo wenyewe.

Vyombo vya Zhangzhou, kusini mwa China, vya mwisho wa Ming, ni vizito na kitako chake kina mchanga uliogandana na glezi, maana vilichomwa juu ya mchanga na hakuna aliyejisumbua kuusugua. Ukipitisha kidole unakwaruzwa. Sahani za kraak, zilizopelekwa Ulaya kwa meli za Wareno na Waholanzi katika enzi ya Wanli (1573 hadi 1620) na baada yake, ni kinyume chake: nyembamba na nyepesi, na upande wa chini una mistari myembamba inayotoka katikati kwenda ukingoni, iliyoachwa na kisu kilichorukaruka wakati wa kuchonga. Mdomo wake umemenyeka glezi hapa na pale katika vidoa vidogo. Kangxi ikifika, kitako kinakuwa kisafi, laini, cheupe, kimenyoshwa na mtu aliyejua kwamba kitatazamwa.

Halafu kuna Japani, na hapa kitako kinamaliza ubishi ndani ya dakika moja. Udongo wa Arita ulikuwa na tabia ya kulegea na kubonyea katikati ndani ya moto, kwa hiyo wafinyanzi waliitegemeza sahani kwa vijiti vidogo vya udongo. Vilipovunjwa viliacha alama ndogo, tatu, nne au tano, kama chunusi zilizokauka, ndani ya pete ya kitako. Wachina hawakuwa na desturi hiyo. Niliwahi kuletewa sahani yenye ndege na mabonde, mchoro wake umegawanywa kwa vyumba kama wa kraak, na maelezo marefu kuhusu Ming. Alama nne zilikuwa pale chini, tatu kwenye duara na moja katikati. Glezi ilikuwa na vitundu vidogovidogo na rangi yake ilielekea kijivu. Ilikuwa ya Arita, ya nusu ya pili ya karne ya 17, na si ajabu hata kidogo: Ming ilianguka mwaka 1644, vita vikavuruga Jingdezhen, na Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India ikageukia Japani, ikatoa agizo kubwa mwaka 1659. Jingdezhen ilirudi sokoni miaka ya 1680. Kwa kipindi hicho cha katikati, Wajapani walikuwa wakiiga sahani za China kwa mnunuzi aliyezikosa. Mwenye sahani alihuzunika kidogo, ingawa hakukuwa na sababu, maana Arita nzuri ya wakati ule ina wanunuzi wake.

Angalia pia uchakavu. Chombo kilichotumika kweli kina mikwaruzo inayokwenda kila upande, mingi zaidi katikati ambapo chakula hukaa, na pete ya kitako imelainika pale inapogusa meza. Msasa huacha mistari inayoelekea upande mmoja, na hufika hata kwenye mashimo ambayo meza isingeyafikia. Uchafu wa majani ya chai mara nyingi umesambaa sawasawa mno. Uchafu wa kweli umejificha ndani ya vitundu na nyufa.

Udhaifu wa kitako ni kwamba kinadai mazoea. Picha hazitoshi kumfundisha mtu. Inabidi ushike vyombo vingi, vikiwemo vilivyovunjika. Kwa hilo kigae ni mwalimu bora kuliko bakuli zima, kwa kuwa kinaonyesha udongo kwa ndani, na makumbusho ya Fort Jesus kule Mombasa yana vya kutosha kutazama.

Rangi na mchoro

Hii ni njia ya pili kwa nguvu, na kwa jambo moja inashinda hata kitako: inaweza kukataa kabisa. Rangi fulani haikuwepo kabla ya mwaka fulani, basi.

Mfano mkubwa ni waridi. Ile pinki nzito isiyopitisha mwanga, inayotokana na dhahabu, iliingia katika kauri ya China karibu na 1720, mwisho wa enzi ya Kangxi. Bakuli lenye maua ya pinki ya aina hiyo na muhuri wa Chenghua linajikana lenyewe: mfalme anayetajwa alikufa zaidi ya miaka 200 kabla ya rangi hiyo. Hutahitaji lenzi wala kitabu. Kinyume chake hakifanyi kazi, kwa sababu kutokuwepo kwa pinki hakuthibitishi lolote.

Buluu inahitaji jicho zaidi. Buluu yote hii ni kobalti iliyopakwa chini ya glezi. Kobalti ya enzi ya Yuan, nasaba iliyotangulia Ming, na ya mwanzo wa Ming ilitoka Uajemi na ilikuwa na chuma kingi, kwa hiyo pale brashi ilipotua kwa uzito pametokea madoa meusi yaliyozama ndani ya glezi. Kipimo cha kila mtu kwa buluu hiyo ni vyombo viwili vikubwa vya maua vya mkusanyiko wa Percival David, vilivyopo British Museum mjini London, kwa kuwa vimeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 1351. Waigaji wanajua habari ya madoa, nao huyadondosha kwa ncha ya brashi. Chini ya kioo cha kukuzia yanaonekana yamepangwa vizuri mno, na ukipapasa hakuna pa kubonyea. Buluu ya Kangxi imepakwa kwa tabaka, nyepesi juu ya nzito, na ina kina. Ile ya viwandani ya karne ya 19 ni kali na bapa, upande mmoja hadi mwingine. Huko Arita ilifika kupitia Mjerumani Gottfried Wagener aliyefanya kazi huko mwaka 1870, na baada yake vikafuata vyombo vya kila siku vilivyopigwa mchoro kwa karatasi badala ya brashi. Ukiona pale mchoro ulipounganishwa hausikilizani, au mstari wenye unene uleule mwanzo hadi mwisho, mkono haukushika brashi.

Kwa mchoro wenyewe, wekeni imani yenu kwenye meli zilizozama. Meli hutoa vyombo vya siku moja, na siku hiyo inajulikana. Witte Leeuw ilizama karibu na kisiwa cha St Helena mwaka 1613 ikiwa na kraak. Geldermalsen ilizama mwaka 1752, na mzigo wake ukapigwa mnada Amsterdam mwaka 1986. Tek Sing ilizama mwaka 1822 ikiwa na vyombo vya kawaida kwa mamia ya maelfu, vikauzwa Stuttgart mwaka 2000. Orodha za minada hiyo zina picha nyingi. Bakuli lako likilingana na la Tek Sing kwa mchoro, umbo na kitako, umepata tarehe ambayo hakuna muhuri utakaokupa.

Sahani ya bibi: China, Japani au Maastricht?

Turudi kwa Waholanzi. Petrus Regout alianzisha kiwanda cha vyombo vya udongo mjini Maastricht mwaka 1836, na baadaye jirani yake, Société Céramique, akamfuata. Mabakuli yao yenye maua ya kupigwa chapa, na mengine yaliyoiga mandhari ya China, yaliuzwa sana Asia na pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya sahani za "Ming" nilizowahi kuona katika nyumba za watu ni hizo.

Kuzitenga ni rahisi kuliko kutenga China na Japani, kwa sababu si kauri kabisa. Ni udongo mweupe uliochomwa kwa moto mdogo zaidi. Washa taa ya simu nyuma ya ukingo, mahali pembamba: kauri itang'aa na utaona kivuli cha vidole vyako, udongo wa Maastricht utabaki giza. (Jaribio hili haliifai Longquan, ambayo nayo ni nzito na haipitishi mwanga.) Pale glezi ilipobanduka, udongo wa Maastricht ni wa rangi ya maziwa na una vitundu, nao hunywa maji, tone likiwekwa huingia. Kauri iliyovunjika ina sura ya kioo, na tone hubaki juu. Na chini, mara nyingi, jina la kiwanda limepigwa wazi kwa Kilatini, ila limefichwa na uchafu ambao kitambaa chenye maji kingeutoa.

Kuna watu husikia hivyo wakaitoa sahani kabatini. Mimi ningeiacha. Bakuli la Maastricht ni kumbukumbu halali ya biashara ya Unguja ya karne ya 19. Kosa ni kulinunua kwa bei ya Ming.

Maabara

Kipimo kinachosikika sana huitwa thermoluminesensi. Kwa maneno mepesi: madini ndani ya udongo hukusanya nishati ya mnururisho kidogo kidogo tangu siku chombo kilipotoka tanurini, na ukipasha moto punje ya udongo huo inaiachia kama mwanga unaoweza kupimwa. Kampuni ya Oxford Authentication ya Uingereza ni moja ya zinazojulikana kwa kazi hii.

Kinafaa sana kwa sanamu na vyombo vya udongo, kama farasi wa makaburi ya enzi ya Tang, ambako swali ni miaka 1,200 au kumi. Kwa kauri ya buluu hakikufai sana. Kinahitaji kutoboa. Tarehe inayotoka inaweza kupishana kwa robo nzima ya umri, kwa hiyo hakitakutenganishia Kangxi na Qianlong, jambo ambalo kitako kizuri hufanya bila malipo. Na kinadanganyika: chombo kipya kikipigwa mionzi kinaweza kuonekana kizee, na kuna mafundi wanaopandikiza kitako cha kale kwenye mwili mpya, wakijua kwamba mtoboaji hupenda kutoboa chini. Kipimo cha miali ya eksrei kinachosoma elementi zilizomo kwenye rangi na glezi hakitoboi chochote, na kwa kauri ningekichagua hicho kwanza.

Kwa hali yako

Ukinunua kwa simu, usiombe picha ya muhuri. Utaletewa hata bila kuomba. Omba tatu za kitako, mchana, bila flashi: moja kwa juu, moja ya upande, moja ya karibu mahali glezi inapoishia. Muuzaji anayesitasita kupiga picha hizo amekwisha kukujibu.

Ukirithi, usisugue wala kuloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo, na usigundishe kipande kilichovunjika kabla hakijaonwa, kwa sababu pale palipovunjika ndipo penye ushahidi. Maabara ifikirie pale tu ambapo kitako, rangi na mchoro vimekubaliana na thamani inayotajwa ni kubwa kiasi cha kubeba gharama.

Na kama mgongo wa bakuli una chokaa nyeupe iliyoganda, hasa ikiwa na chembe za matumbawe, weka chini uondoke. Hilo lilibanduliwa kutoka kwenye kaburi au ukuta wa kale. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, na chini ya zote mbili kuchukua au kusafirisha kitu kama hicho bila kibali ni kosa, hata kama umelipa bei nzuri na una risiti.